Mtaa Uliovikwa Uzi: Mwongozo wa Kufariji kwa Kufuma

Mwaka 2005, katika jiji la Houston huko Texas, Marekani, mwenye duka aitwaye Magda Sayeg alifuma kitambaa kidogo akakivisha kishikio cha mlango wa duka lake. Wapita njia walisimama, wakakigusa, wakauliza. Baadaye akavisha nguzo ya alama ya barabarani, na mtindo huo ukaenea katika miji mingi duniani: miti, madaraja, mabenchi na sanamu zikaanza kuonekana zimevaa sweta. Mwanzoni ulikuwa mchezo wa kuuchangamsha mji. Kadiri miaka ilivyopita, watu waliupa kazi nyingine, ya kuwaliwaza wenzao wakati wa maradhi, msiba na hofu.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo ya pili. Huhitaji kuwa msanii ili uifanye. Unahitaji uzi, majirani wachache, ruhusa, na mtu ambaye wengi humsahau: wa kulishusha pambo siku zake zikiisha. Pambo la faraja ni ahadi kwa mtaa. Likitundikwa na kuachwa hadi liote ukungu na kuning'inia kama matambara, litawaambia wafiwa kile wanachokiogopa zaidi, kwamba wamesahauliwa. Ndiyo maana hapa tunapanga mambo kuanzia mwisho: tarehe ya kushusha huwekwa kabla hata uzi haujanunuliwa.

KWA NINI UZI HUFARIJI

Unaonyesha muda wa mtu. Bango huchapishwa kwa dakika chache. Kipande kilichofumwa kimekaa mkononi mwa mtu saa nzima au zaidi, na yeyote aliyekulia kwenye sebule yenye vitambaa vya makochi anajua hivyo bila kuelezwa. Anayekiona anapata ujumbe hata kama hajui kusoma: kuna mtu aliyeketi akatufikiria.

Unaipa kazi mikono ya wenye huzuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Uingereza la tiba kwa shughuli uliwauliza wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema zaidi kwamba kufuma huwatuliza na kuwapa furaha. Waliojibu walikuwa tayari wapenzi wa kufuma, kwa hiyo usiuchukulie uzi kuwa dawa. Chukua tu kwamba mikono iliyo na kazi nyepesi ya kujirudia huipa akili nafasi ya kupumua.

Unawaweka watu pamoja bila kuwalazimisha kuongea. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, watu wengi wa Uingereza walifuma vifuniko vya kukalia juu ya masanduku mekundu ya barua yaliyo mitaani: upinde wa mvua, wauguzi, maua, wanyama. Kila mmoja alifuma kwake, kisha jirani aliyetoka kidogo kunyoosha miguu akaikuta kazi ile kwenye kona yake. Hakuna aliyelazimika kumkaribia mwenzake, na hakuna aliyelazimika kutafuta maneno.

KWANZA JIULIZE: JE, HUU NI WAKATI WAKE?

Maporomoko ya tope yalipoukumba mji wa Katesh wilayani Hanang, Tanzania, Desemba 2023, watu walihitaji pa kulala, chakula, nguo na maji safi. Hakuna mti uliohitaji sweta wiki ile. Maafa yakitokea, mahitaji hutangulia. Kama una uzi na muda, fuma blanketi au kofia za watoto uzipeleke zinakohitajika. Pambo la mtaani linafaa baadaye, misaada ikishapungua na wageni wakishaondoka, wakati waliobaki wanapoanza kuhisi kwamba wameachwa peke yao.

Jibu maswali haya manne kabla ya kuendelea:

1. Je, wahusika wenyewe, au mtu anayewasemea, wamekubali?
2. Je, mahitaji ya haraka yameshashughulikiwa?
3. Je, kuna angalau watu wawili watakaolitunza pambo hadi lishushwe?
4. Je, jambo lenyewe liko mahakamani, linachunguzwa na polisi, au linagombaniwa kisiasa? Kama ndiyo, subiri. Pambo lako litasomwa kuwa upande mmoja, hata kama hukukusudia.

Tofautisha pia faraja na maandamano. Mwaka 2006 msanii Marianne Jørgensen alifunika kifaru halisi cha vita mjini Copenhagen kwa vipande zaidi ya 4,000 vya rangi ya waridi, vilivyofumwa na watu wa nchi kadhaa, kupinga vita vya Iraki. Kazi ile ilikusudiwa kubishana. Ya kwako imekusudiwa kuketi karibu na mtu. Usichanganye hizo mbili kwenye mti mmoja.

HATUA YA 1: KUSANYA WATU NA WEKA TAREHE MBILI

Watu sita wanatosha kwa mti mmoja. Tafuta mchanganyiko: bibi anayejua kufuma tangu ujana wake, kijana anayetaka kujifunza, mtu wa kuzungumza na viongozi, na mtu mwenye ngazi fupi. Kisha andikeni tarehe mbili: ya kuvisha na ya kushusha. Wiki nne kati ya hizo mbili zinatosha.

Epuka kuvisha katika masika. Uzi uliolowa kwa siku nyingi mfululizo huwa mzito, hulegea, hunuka na kuota ukungu. Kama msiba wenyewe umetokea katika mvua, fumeni wakati wa mvua na mvishe ikikatika.

Mpangieni kazi kila mtu kwa jina:
• Mkuu wa kufuma: hugawa uzi, hupokea vipande.
• Mkuu wa ruhusa: huandika barua na kuonana na wahusika.
• Mtunzaji: hupita kulitazama pambo mara mbili kwa wiki.
• Mshushaji: ndiye mwenye mkasi siku ya mwisho, hata kama wengine wamesafiri.

HATUA YA 2: CHAGUA CHA KUVISHA

Chagua mahali ambapo watu hupita taratibu au hukaa: benchi la nje ya zahanati, mti wa kivuli mahali pa kungojea daladala au matatu, au uzio wa shule. Faraja haionwi na dereva anayekimbia.

———
USIVIKE KABISA
• Nguzo ya umeme, waya wowote, transfoma au boksi la mita. Uzi uliolowa ukikutana na umeme ni hatari ya kifo.
• Alama za barabarani, taa za kuongozea magari, vioo vya kona na vizuizi vyenye rangi ya kung'aa usiku.
• Bomba la zimamoto, mlango wa dharura, vishikio vinavyotumiwa na wasioona au wenye ulemavu.
• Milango ya kale iliyochongwa, kama ile ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu.
• Kaburi, msikiti, kanisa au hekalu, isipokuwa familia na viongozi wa dini wameomba wenyewe.
• Ndani ya wodi. Uzi hushika vumbi, na vumbi si rafiki wa mgonjwa.
———

HATUA YA 3: OMBA RUHUSA KWA MAANDISHI

Ziko nchi ambako baadhi ya wasanii hufanya kazi hii usiku kwa siri. Kwa pambo la faraja, siri ni kosa. Mtu aliyefiwa hapaswi kuamka akakuta kitu asichokielewa mbele ya nyumba yake.

Anza na wahusika: familia, uongozi wa shule, au mganga mfawidhi wa kituo cha afya. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji, kama uko Tanzania Bara. Zanzibar, mwone sheha. Kenya, ongea na chifu na ofisi ya kaunti ya eneo lako. Kama mti uko kandokando ya barabara, uliza barabara hiyo ni ya nani. Tanzania inaweza kuwa ya wakala wa barabara, TARURA au TANROADS.

———
MFANO WA BARUA

Mwenyekiti,
Serikali ya Mtaa wa ………

YAH: OMBI LA KUUVISHA MTI PAMBO LA UZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi majirani wa mtaa huu tunaomba ruhusa ya kuuvisha mti ulio mbele ya ……… pambo la uzi lililofumwa kwa mkono, kwa ajili ya kuwafariji wenzetu waliopatwa na ………

Pambo litawekwa mchana wa tarehe ……… na litashushwa tarehe ……… Hatutatumia misumari, waya wala gundi, na hatutakata tawi lolote. Wahusika wameridhia. Msimamizi ni ………, simu ……… Tutaliondoa mara moja endapo tutatakiwa kufanya hivyo.

Wako katika ujenzi wa mtaa,
………
———

Tengeneza nakala mbili. Moja igongwe muhuri ubaki nayo. Mtunzaji awe na picha yake kwenye simu, ili mgambo akiuliza apate jibu papo hapo.

HATUA YA 4: CHAGUA RANGI NA MANENO

Hapa ndipo mtindo wa Houston na Uingereza unapohitaji akili ya kwetu. Katika sehemu nyingi za Pwani na hata bara, kitambaa chekundu, cheupe au cheusi kilichofungwa kwenye mti, hasa mbuyu, hueleweka kuwa ni cha mzimu, kafara au uganga. Pambo lenye nia njema linaweza kuwatia watu hofu, au kumsababishia bibi fulani wa mtaani kusingiziwa uchawi. Hilo si jambo la kuchekea. Jilinde hivi:

1. Usivishe mbuyu, wala mti wowote ambao wazee wanasema una mambo yake. Waulize wazee kwanza.
2. Changanya rangi nne au zaidi. Epuka nyekundu, nyeupe na nyeusi zikiwa peke yake.
3. Visha mchana, watu wakiwepo, watoto wakiuliza maswali.
4. Weka kibandiko cha kitambaa chenye maelezo.

Rangi zina wenyewe pia kwenye siasa na mpira. Tanzania, kijani na njano zikikaa peke yake watu watasoma Yanga au CCM. Nyekundu na nyeupe watasoma Simba. Mwaka wa uchaguzi, popote ulipo, kagua rangi mara mbili.

Maneno yawe mafupi, kama jina la kanga: sentensi moja inayomwachia msomaji nafasi ya kuijaza mwenyewe. Ijaribu kwa kuisoma ukijiweka katika nafasi ya mfiwa.

Yanayofaa:
• Tuko nawe, hata tusipojua la kusema.
• Kaa kidogo, upumzike.
• Mtaa huu unawakumbuka.

Yasiyofaa:
• Usilie. (Humnyima mtu haki yake ya kulia.)
• Yote yatakuwa sawa. (Hujui.)
• Mungu ana makusudi yake. (Mwenye kuliamini atajisemea mwenyewe, usimtundikie.)

Usiandike jina la marehemu wala kuweka picha yake bila familia kukubali. Kwenye kona ya kibandiko andika kwa wino usiofutika: nani ameweka, namba moja ya simu, na tarehe ya kushushwa. Tarehe hiyo humtuliza mwenye mashaka na humkumbusha mshushaji.

HATUA YA 5: TAFUTA UZI UNAOFAA

Akriliki ndiyo chaguo la kwanza. Hukauka upesi, haiozi, na rangi yake hustahimili jua kwa wiki kadhaa. Pamba hunywa maji na kulegea. Sufu halisi husinyaa ikilowa na kusuguliwa, ni ghali, na ni heri ibaki kwa blanketi.

Usikimbilie kununua. Saluni nyingi za kusuka zina mabaki ya uzi wa Brazilian wool, ambao kwa kawaida ni wa akriliki. Ni mwembamba, kwa hiyo fuma nyuzi mbili kwa pamoja. Masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko hufumuliwa yakatoa uzi mzuri. Majumbani kuna vibonge vilivyobaki tangu vitambaa vya makochi vilipofumwa mara ya mwisho.

Vifaa vingine:
• sindano ya kroshe, yaani yenye kulabu, ya milimita 4 au 5;
• sindano butu ya kushonea yenye tundu kubwa;
• futi ya fundi cherehani;
• mkasi;
• mfuko wa kukusanyia ncha za uzi.

Akriliki ni aina ya plastiki, na nyuzi zake haziozi ardhini. Hii ni sababu nyingine ya kulishusha pambo kabla halijaanza kuchanika, na ya kuokota kila ncha unayokata. Uzi mrefu uliotupwa hunasa miguu ya ndege.

HATUA YA 6: PIMA NA PIGA HESABU

Zungusha futi kwenye kitu chenyewe, usikisie. Kwa nguzo au bomba, pambo liwe dogo kidogo kuliko mzunguko, kiasi cha asilimia 5 hadi 10, ili livutike na kushika: mzunguko wa sentimita 40, fuma 37. Kwa mti fanya kinyume, liache kidole kipite kati ya uzi na gome ili mti usibanwe.

Mfano wa mti wenye mzunguko wa sentimita 88, utakaovikwa kwa urefu wa sentimita 60:
• Kipande kimoja: sentimita 15 kwa 15.
• Kuzunguka: vipande 6 (sentimita 90).
• Kwenda juu: safu 4 (sentimita 60).
• Jumla: vipande 24, yaani vinne kwa kila mtu mkiwa sita.
• Uzi: kibonge cha gramu 100 cha unene wa kati hutoa takriban vipande saba hadi tisa. Tafuteni vibonge vinne, kimoja kikiwa cha kuunganishia.

Mikono hutofautiana. Kila mtu afume kipande kimoja kwanza, mkilinganishe na kipimo cha kadibodi cha sentimita 15, ndipo aendelee.

HATUA YA 7: FUMA KIPANDE

Mraba huu wa kroshe hufumwa kuanzia katikati kwenda nje. Unahitaji kujua mambo mawili tu. Mnyororo ni kuvuta uzi kupitia kitanzi kilicho kwenye kulabu, tena na tena. Mshono mrefu ni huu: zungusha uzi kwenye kulabu, iingize kulabu panapohusika, vuta uzi uwe na vitanzi vitatu, kisha vuta uzi kupitia vitanzi viwili, halafu viwili tena.

1. Fuma mnyororo wa 4, unganisha ncha zake kuwa duara.
2. Mzunguko wa kwanza: mnyororo wa 3 (unahesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza), kisha mishono mirefu 2 ndani ya duara. Halafu rudia mara tatu: mnyororo wa 2, mishono mirefu 3 ndani ya duara. Maliza kwa mnyororo wa 2, unganisha na kilele cha mwanzo. Sasa una pembe nne.
3. Mzunguko wa pili: kata uzi, anza na rangi nyingine kwenye nafasi ya pembe. Katika kila pembe weka mishono mirefu 3, mnyororo wa 2, mishono mirefu 3. Kati ya pembe na pembe weka mnyororo wa 1.
4. Mzunguko wa tatu na kuendelea: pembe ni vilevile, katika kila nafasi ya ubavuni weka mishono mirefu 3, ukitenganisha mafungu kwa mnyororo wa 1.
5. Endelea hadi kipande kifike sentimita 15. Kata uzi, upitishe ndani ya kitanzi, kaza.
6. Ficha ncha zote kwa sindano butu, ukizirudisha mbele na nyuma ndani ya mishono.

Asiyejua kroshe asiachwe nje. Anayejua kusuka nywele au ukili wa mkeka anaweza kusuka mkanda wa nyuzi tatu nene, ukashonwa bapa kuwa kipande cha sentimita 15 au ukawa ukingo wa juu na chini. Watoto wakate, wapange rangi, wahesabu. Mfiwa akitaka kuja kukaa tu bila kushika uzi, mkaribisheni akae. Msimwulize afuma nini.

HATUA YA 8: UNGANISHA NA VISHA

1. Pangeni vipande vyote sakafuni, mpige picha, ndipo mshone.
2. Shoneni safu kwa safu hadi mpate pambo moja bapa, sentimita 90 kwa 60. Acheni ubavu mmoja wazi.
3. Siku ya kuvisha, watu wawili walizungushe kwenye mti, wa tatu ashone ubavu ule papo hapo kwa uzi wa rangi tofauti. Rangi hiyo ndiyo itakayomwonyesha mshushaji pa kukata.
4. Shona kibandiko usawa wa macho.
5. Vuta kila kona kuhakikisha haining'inii. Pasiwe na kitanzi kirefu au kamba inayoweza kuingia shingoni mwa mtoto.
6. Okota mabaki yote.

Hakuna haja ya hotuba. Kama wahusika wametaka dua au sala fupi, sawa. Kama wametaka mfanye kimya muondoke, hilo nalo ni sawa.

HATUA YA 9: LITUNZE

Mtunzaji apite mara mbili kwa wiki, na siku inayofuata kila mvua kubwa. Atazame uzi uliochanika, mshono uliolegea, wadudu, na maneno au karatasi ambazo watu wameziacha. Akikuta barua ya mtu mwenye huzuni, aihifadhi na kumpelekea mhusika. Asiipige picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Mbuzi wakilila, au mtu akilikata akaondoka nalo, msigombe. Ondoeni kilichobaki siku hiyohiyo. Nusu pambo halifariji.

HATUA YA 10: LISHUSHE, LIPE KAZI YA PILI

Agosti 2013, wafumaji wa Pittsburgh, Marekani, walilivisha daraja la Andy Warhol vipande mia kadhaa vya kufumwa, wakiwa na kibali cha serikali ya wilaya yao. Baada ya wiki chache walivishusha, vikafuliwa na kugawiwa kuwa mablanketi kwa wenye uhitaji. Huo ndio mfano wa kuiga.

1. Tarehe ikifika, kata ule mshono wa rangi tofauti. Pambo litafunguka likiwa zima.
2. Likung'ute vumbi, uliloweke kwenye maji ya sabuni, ulifue taratibu kwa mkono.
3. Likaushe kivulini likiwa limelazwa, si kwenye kamba.
4. Kagua. Vipande vilivyopauka au kufumuka mshono vitoe, ubadilishe au ufanye kijazo cha mto.
5. Pambo la sentimita 90 kwa 60 lenye vipande 24 ni saizi ya kufunika miguu ya mzee aliyeketi. Iulizeni familia kwanza kama wanalitaka. Wasipolitaka, mpeni mwingine anayehitaji joto.
6. Mjulisheni mwenyekiti kwamba mmemaliza. Safari ijayo muhuri utapatikana upesi.

MAKOSA YA KAWAIDA

• Kufuma kwanza na kuomba ruhusa baadaye. Mtajikuta na sweta la mti ambao hamruhusiwi kuugusa.
• Kuvisha miti kumi. Mmoja uliotunzwa huzidi kumi iliyochakaa.
• Kutumia misumari, stepla au waya. Huumiza mti na hukata vidole.
• Kuweka nembo ya duka, chama au mfadhili. Huzuni ya watu si mahali pa tangazo.
• Kupiga picha za wafiwa wakiliangalia pambo. Piga picha ya uzi, waache watu.
• Kulibakiza kwa sababu "bado linapendeza". Lishusheni likiwa bado linapendeza, ili lifae kwa kazi ya pili.

———
ORODHA YA UKAGUZI

Kabla ya kufuma
☐ Wahusika wamekubali
☐ Mahitaji ya haraka yametangulia
☐ Barua ina muhuri
☐ Tarehe ya kushusha imeandikwa
☐ Mtunzaji na mshushaji wanajulikana kwa majina

Kabla ya kuvisha
☐ Vipimo vimehakikiwa kwenye mti wenyewe
☐ Rangi zimekaguliwa na mzee mmoja na kijana mmoja
☐ Kibandiko kina namba ya simu na tarehe
☐ Ncha zote zimefichwa, hakuna kitanzi kirefu
☐ Hakuna umeme karibu

Baada ya kushusha
☐ Uzi wote umeokotwa
☐ Pambo limefuliwa na kukaguliwa
☐ Limepata mtu wa kulitumia
☐ Mwenyekiti amejulishwa
☐ Kipimo cha kadibodi na sindano vimehifadhiwa kwa mtu mmoja anayejulikana, kwa sababu atakayevihitaji tena atakuja akiwa na haraka
———